Benchi la Babu

Nyumbani kwetu ni Ngana, wilaya ya Kyela. Chini ya mwembe wetu pana benchi la mninga alilolichonga marehemu babu. Lilikuwa la kijivu, nami niliona haya wageni wakilikalia. Basi likizo ya Desemba mwaka juzi nililipiga msasa hata wekundu ukarudi, kisha nikalipaka vanishi isiyo na rangi. Bibi alicheka, akasema, "Umelivika shati la sikukuu!"

Mvua za kwetu hazina mzaha. Baada ya masika mawili vanishi ilibanduka kama gamba la nyoka. Likizo ya Juni iliyopita Bibi aliketi, mguu mmoja wa benchi ukakatika kwa chini, naye akaanguka. Mkono wake ulivimba juma zima. Sikuweza kumtazama usoni.

Nilikwenda kwa fundi seremala, naye akanieleza. Ukijivu si uozo. Jua huvunja gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na mvua huiosha. Jambo hili ni la juu juu tu. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, hivyo mti huchakaa chini yake nayo hukosa pa kushika. Maji huingia katika nyufa zake yakakawia kutoka. Kuvu hupenda maji. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi.

Ule mguu ulikuwa na weupe wa mti. Kiini chekundu cha mninga kina dawa yake ya asili, weupe hauna. Lakini weupe hunywa dawa vizuri, na kiini hukataa. Ndiyo sababu nguzo za umeme za mkaratusi hushindiliwa dawa kwa mashine: weupe ndio hasa unaolindwa. Nami ncha za miguu, zinywazo maji kuliko pote, sikuzigusa kabisa.

Tulikata miguu yote sawasawa, tukaloweka ncha zake katika dawa usiku kucha, na kila mguu tukauweka juu ya jiwe bapa. Ubao wa juu tuliukwangua, tukauacha uote mvi zake.

Wenzangu, kabla ya kupaka, tazameni kwanza maji yanapoingilia. Bibi amenisamehe. Asema sasa benchi ni fupi, na miguu yake inafika chini.