Nilivyoumbuka Japan, nikamkumbuka mama

Mpenzi msomaji, kama una safari ya Japan na unataka kuona wanavyotengeneza sake, ile pombe yao ya mchele, nakupa onyo la bure: asubuhi hiyo usiguse natto. Mimi sikuambiwa, na yaliyonikuta we acha tu.

Ilikuwa Februari 2025. Nilikuwa Hiroshima kwenye kozi fupi ya kikazi. Jumamosi hatuna kipindi, washikaji wakasema twende Saijo, mji wa ulabu. Nani akatae? Tukadandia treni, dakika 40 hivi tukawa tumeshuka.

Jamani, Saijo si mchezo! Ukitoka tu stesheni unaona mabomba marefu ya matofali mekundu yamesimama juu ya mapaa, na majina ya pombe yameandikwa juu kwa maandishi yao. Viwanda 7 vimekaa karibu karibu, unavizungukia kwa miguu bila hata kuuliza nauli. Kuta nyeupe, mbao nyeusi, mitaa myembamba. Kimoja kinaitwa Hakubotan, kilianza mwaka 1675. Kingine ni Kamotsuru, ambacho sake yake alinyweshwa Rais Obama alipokwenda Tokyo mwaka 2014.

Juu ya milango wananing'iniza dude la mviringo kama mzinga wa nyuki, limefumwa kwa majani ya mti wa mierezi. Likiwa kijani, ujue pombe mpya imekamuliwa. Kadiri linavyokauka na kuwa kahawia, na pombe nayo inakomaa. Tangazo lisilohitaji redio!

Basi, tukaingia kiwanda kimoja kidogo. Mzee mwenyeji, nywele mvi tupu, akatupokea kwa kuinama. Kabla hatujapiga hatua, akauliza swali moja kupitia binti aliyekuwa akitutafsiria: "Kuna aliyekula natto leo?"

Natto ni maharage ya soya yaliyochachushwa, yananuka na yanavutika kuliko bamia. Asubuhi hotelini nilikuwa nimeyafagia bakuli zima, eti nionekane mwenyeji. Nikanyoosha mkono huku nacheka. Mzee hakucheka. Akaniomba, kwa adabu zote, nibaki nje.

Wenzangu wakaingia, mimi nikabaki kwenye baridi kama mtoto aliyefukuzwa ada. Baadaye binti akaja kunifafanulia. Mchele hauna sukari ya kutosha kuchachuka wenyewe. Kwa hiyo wanaupika kwa mvuke, wanaunyunyizia kuvu wanayoiita koji, kisha wanaulaza kwenye chumba cha joto kwa siku mbili hivi. Koji ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari, halafu hamira inageuza sukari kuwa kilevi, yote ndani ya pipa moja kwa wakati mmoja. Sasa vijidudu vya natto ni vibabe. Vikiingia mle ndani vinaweza kuiharibu koji, na kazi ya msimu mzima ikaenda na maji.

Hapo ndipo nilipoduwaa. Nilishawahi kufukuzwa hivyo hivyo, nikiwa mdogo, kule Kilimanjaro. Mama alikuwa akipika mbege, na ole wako usogelee chungu ukiwa na mikono ya mafuta. "Toka hapo, utaniharibia pombe!" Nilidhani ni ukali tu.

Msomaji wangu, leo naungama. Mama yangu alinisomesha kwa mbege, kuanzia daftari la kwanza mpaka chuo. Lakini kwenye fomu za shule nilikuwa naandika "mfanyabiashara". Marafiki mjini niliwaambia ana duka. Mtoto wa mpika pombe? Nani angenielewa?

Wenzangu walipotoka, tukakaribishwa kuonja. Vikombe vidogo kama vya kahawa ya mitaani, lakini kuwa mwangalifu, kilevi chake ni asilimia 15 hivi, na kinateremka kama maji. Wenyewe wanakunywa na glasi ya maji pembeni. Tena hujimiminii, unammiminia mwenzio, naye anakumiminia.

Mzee akaniuliza, "Kwenu mnatumia nini?" Nikataka kusema sijui. Sijui ni sake au ni aibu, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamweleza: ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa zichachuke, kisha unatiwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Akasikiliza utadhani mwanafunzi. Akauliza nani anatengeneza. Nikasema mama yangu. Akainama.

Yule binti akanipa la ziada. Zamani Japan wanawake walikuwa hawaruhusiwi kabisa kuingia kwenye viwanda vya sake. Leo, huko huko upande wa Akitsu, kuna mama anaitwa Imada Miho, ndiye mpishi mkuu wa kiwanda cha familia yake. Mwaka 2020 BBC ilimtia kwenye orodha ya wanawake 100 wa dunia. Na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utengenezaji wa sake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wao wanapewa heshima, mimi nilikuwa namficha mama yangu!

Halafu mzee akanimaliza kabisa. "Na baada ya mama yako, nani anajua?"

Sikuwa na jibu. Dada zangu wako mjini kama mimi.

Usiku nikampigia simu. Nikamweleza yote, hata la fomu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "La fomu nilijua siku nyingi, mwanangu. Mwalimu wako alikuwa mteja wangu." Akacheka. "Haya, niambie, hao Wajapani mchele wote huo wanaunywa, wanakula nini?"

Desemba nilipopanda nyumbani kwa Krismasi, sikukaa na wanaume barazani. Niliingia jikoni. Pipa langu la kwanza lilikuwa chachu, hata majirani walilikimbia. La pili mama alilionja, akatikisa kichwa, akaongeza kata.

Kama utakwenda Saijo, nenda majira ya baridi, ndipo wanapopika. Beba chupa tupu, kuna visima vya viwanda ambapo maji ya kunywa unachota bure. Ukiwa hujafika miaka 20, sheria yao haikuruhusu kuonja.

Na kama mama yako naye alikusomesha kwa pombe, usisubiri kufukuzwa mlangoni na Mjapani ndipo umshukuru. Kampai!