Kutoka Kidato hadi Kiitikio

Katika mijadala yetu ya istilahi, swali moja halikosi kuulizwa: ni nani mwenye haki ya kuunda neno? Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya vyombo rasmi, na wapo wanaoshikilia kwamba ni ya wazungumzaji wenyewe. Makala haya mafupi hayadai kuumaliza mjadala huo. Yanakusudia kueleza jinsi sanduku moja la bati, lililoundwa katika karakana ya umeme mjini Kilifi kwa ajili ya mgema wa Tezo, lilivyonifunza jambo kuhusu maneno ambalo vitabu vyangu havikuwa vimenifunza.

Kwanza nimweleze msomaji asiyekulia pwani kazi ya mgema. Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, akalifikia karara, yaani kole la maua ambalo halijafunguka. Hulifunga, akalipunguza ncha kwa kisu chake kilichopinda kiitwacho kotama, kisha akatungika kibuyu ili utomvu udondokee humo. Kila apandapo hukata kipande chembamba tena, maana jeraha la mti likikauka utomvu hukoma. Ili apate pa kukanyagia, huchongwa mikato kwenye shina la mnazi, na mkato huo huitwa kidato. Wengi wetu tulisoma kidato cha kwanza hadi cha nne bila kujiuliza neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka mnazini. Shule ilipohitaji neno la kutaja hatua za mwanafunzi anayepanda kielimu, lugha ilikuwa nalo tayari katika shina la mti.

Kazi hii, pamoja na utajiri wake wa maneno, ina adui mmoja, nao ni wakati. Chachu zilizo hewani na vyombo vyenyewe huanza kuila sukari ya utomvu mara tu unapodondoka. Tembo lililo tamu alfajiri huwa limeanza kuchachuka kabla ya adhuhuri, jioni huwa kali, na likiachwa wazi siku kadhaa hugeuka siki. Mgema wa Tezo alitaka kuuza tembo tamu katika chupa, lisilolevya, ili liweze kufika harusini Malindi likiwa na ladha yake ya alfajiri. Dawa ya jambo hilo inajulikana. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto bila kuchemshwa, viini viuharibuvyo hufa na mvinyo hudumu. Tatizo la mgema lilikuwa moto wenyewe. Alikuwa akizipasha chupa katika sufuria juu ya mafiga, na moto wa kuni hausikii amri. Ukizidi, chupa hupasuka na tembo hupata harufu ya sukari iliyoungua. Ukipungua, chachu huamka na kifuniko hufyatuka njiani.

Mjomba wangu ni fundi umeme mwenye leseni. Alikubali kumtengenezea mgema tangi la maji lenye hita, pampu ya kuyazungusha maji, na sanduku la kuviongoza vyote viwili. Nilimsaidia kushika bisibisi na kukata nyaya kwa wikendi tatu. Hesabu yake aliiandika kwa chaki ukutani: hita ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 12.5, lita 40 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 70 zitachukua dakika 39 hivi, bila kuhesabu joto linalopotea. Waya ukiwa mwembamba kuliko mzigo huo, alisema, utakuwa hita ya pili ndani ya ukuta wa mtu.

Ndani ya sanduku alifunga vifaa vichache. Kipo kifaa kinachokata umeme mzigo unapozidi. Kipo kingine kinacholinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi, mfano wa muuza tembo anayehesabu vibuyu vilivyotoka na vilivyorejea. Pakipotea miliampea 30 tu, huenda zinapita katika mwili wa mtu, nacho hukata papo hapo. Kipo kifaa kinachosoma joto la maji na kutoa amri. Kwa kuwa hicho hakina nguvu ya kubeba ampea zote za hita, amri yake hupelekwa kwa kifaa cha nne chenye sumaku, ambacho ndicho hasa kinachounganisha na kuachanisha umeme mkubwa. Sanduku lenyewe lilizibwa kwa mpira pande zote, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huila shaba mpaka ikawa kijani.

Vifaa hivyo vilikuja na majina yake ya Kiingereza, mengine yakiwa herufi tatu tu. Siku ya majaribio kule Tezo, mtoto wa mgema, kijana wa miaka kumi na saba aliyeishia darasa la saba, aliambiwa azime hita kabla ya kutoa chupa. Alizima pampu. Mkono wake ulikuwa umeshafika ukingoni mwa tangi Mjomba alipopiga ukelele. Hakuumia. Hata kama hita ingekuwa na hitilafu, huenda kile kifaa cha kuhesabu kingemwokoa; lakini Mjomba hakutaka maisha ya kijana yategemee kifaa kimoja. Alizima swichi kuu, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Kila ukija unatuambia lugha hii inajitosheleza. Basi liandike sanduku hili, kijana alisome kabla hajatia mkono."

Nimeandika kazi nyingi za muhula, lakini sikumbuki nyingine ambayo msomaji wake angeweza kufa kwa kutonielewa.

Sikutaka kuketi peke yangu na kamusi. Niliandaa orodha ya majina mawili mawili kwa kila kifaa, nikarudi Tezo ili kijana mwenyewe awe mwamuzi. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Namtajia jina, kisha namuuliza: ukikiona kifaa hiki kimeshuka, utafanya nini? Kwa kile cha kukata umeme, jina la kwanza lilikuwa kivunja mkondo, tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kiingereza. Kijana alijibu bila kusita, "Nitamwita fundi, kwa kuwa kimevunjika." La pili lilikuwa kikata umeme. Hapo alijibu, "Nitatazama kwa nini umekatika, kisha nitakiinua." Sote tuliokuwapo tuliona tofauti. Katika Kiswahili cha kila siku umeme hukatika, na kilichokatika hurudi. Kilichovunjika hungoja kutengenezwa. Neno la kwanza halikuwa na kosa la sarufi. Kosa lake lilikuwa kumpeleka mtumiaji mahali pasipo. Kwa njia hiyo hiyo, kile cha kuhesabu umeme kilipata jina la kinga ya shoti, na kile cha kusoma joto kikaitwa kidhibiti joto.

Kifaa cha nne ndicho kilichotukalisha mpaka jua likachwa. Mjomba alipendekeza nokoa. Hoja yake ilikuwa nzuri: katika mashamba ya zamani msimamizi alitoa amri, na nokoa, msaidizi wake, akahakikisha imetekelezwa. Kidhibiti joto ni msimamizi, kile cha sumaku ni nokoa. Mimi nililipenda neno hilo kwa ukongwe wake. Lakini mama yake mgema, bibi aliyekuwa akisuka makuti kando yetu kana kwamba hasikii, aliweka kazi yake chini. "Mjukuu wangu," aliniambia, "neno hilo usilibandike nyumbani kwangu. Nokoa ndiye aliyekuwa akiwafukuza wazee wetu."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mashamba makubwa ya nafaka ya Malindi, yaliyopanuka kuanzia miaka ya 1860 chini ya himaya ya Zanzibar, yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa rasmi katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Wapo waliotoroka wakaingia bara, na wajukuu wao wangali hai. Katika semina zetu tunapenda kusema kwamba maneno ya kale yafufuliwe yatumike upya. Rai hiyo naiunga mkono, ila sasa naiongezea sharti: kabla ya kulifufua neno, tuwaulize waliolizika.

Ni bibi huyo huyo aliyetutoa kwenye mkwamo. Mjomba aliwasha sanduku ili amwonyeshe kifaa kinavyofanya kazi. Joto liliposhuka, kidhibiti kilitoa amri, na kifaa cha sumaku kikajibu kwa mlio mkavu: ta! Maji yalipofika nyuzi 70 amri ikakoma, nacho kikaachia: ta! Bibi akacheka. "Kumbe huyu mmoja anaanzisha, na yule anaitikia," alisema. "Kama ngoma."

Msomaji wa jarida hili ameshajua nililofikiri. Kiitikio! Neno hilo tunalo katika ushairi wetu, nalo hutaja kile kinachorudiwa na waitikiaji baada ya mwimbaji kutoa ubeti wake. Limeundwa kwa kitenzi kinachoeleweka na kila mtoto, na limo katika ngeli ya KI-VI, ambamo majina mengi ya vifaa huingia bila kualikwa. Nilimuuliza kijana: ukikisikia kiitikio kikilia mfululizo bila kupumua, utafanya nini? Akasema, "Nitajua anayeanzisha ana kasoro." Na ndivyo ilivyo; mara nyingi ugonjwa wa kifaa hicho huanzia kwenye amri kinayopewa. Jina lilikuwa limemfundisha kazi ya kifaa, na mahali pa kuanza kutafuta hitilafu.

Hatukubadili kila kitu. Swichi, waya, fyuzi na pampu vilibaki vilivyo, maana ni Kiswahili tayari. Laivu na nyutro nazo zilibaki. Nilipouliza sababu, Mjomba alinijibu kwamba sanduku likiharibika usiku huenda akaja fundi mwingine kutoka Mtwapa au Malindi, naye ni lazima azikute nyaya kwa majina na rangi anazozijua: kahawia laivu, buluu nyutro, kijani chenye mstari wa manjano waya wa ardhi. Chini ya kila bandiko la Kiswahili tuliandika pia, kwa herufi ndogo, jina litumiwalo na mafundi. Nadhani huo ni uungwana ambao wanaistilahi wangefaa kuuiga: neno jipya liingie kwa hodi.

Naweza kuulizwa kama haya yanapingana na kazi ya vyombo rasmi. La, hasha. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mimi mwenyewe nilianzia katika istilahi kama hizo kabla ya kufunga safari ya Tezo. Bila orodha nisingekuwa na cha kupimwa. Ninalolisema ni kwamba orodha ni mbegu, na mbegu haijulikani uzima wake ikiwa bado kapuni. Istilahi ya kazi haina budi kupita mikononi mwa mwenye kazi, kwa swali moja tu: ukilisikia neno hili, mkono wako utakwenda wapi?

Wala sitaki kulisifu mno sanduku letu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiitikio kwa maana hii mpya kinajulikana na watu watano katika boma moja, na huenda kikafia hapo. Lakini mnazi uliipa shule kidato, na sasa shule imeurudishia mnazi kiitikio. Kwa mwanafunzi wa fasihi aliyeulizwa mara nyingi na jamaa zake masomo yake yana faida gani, malipo hayo si haba.

Limebaki jambo moja, nami nalileta kwenu wanachama wenzangu na walimu wetu. Kidhibiti hukata maji yafikapo nyuzi 70, lakini hakiwashi tena mpaka yashuke hadi 68. Pengo hilo la nyuzi mbili limewekwa makusudi. Bila hilo kiitikio kingelia kila sekunde mpaka kikaungua. Lipo swichini, lina kitufe chake cha kulipanua na kulipunguza, na bandiko lililo chini ya kitufe hicho bado ni tupu. Mwenye neno alilete. Atakayelipima ni kijana wa Tezo.