Patara: Mji uliozikwa, kasa wakafaidi

Watalii wengi huenda Kalkan, mji mdogo wa pwani kusini magharibi mwa Uturuki, kutafuta jua. Hupanga majumba ya likizo yaliyojengwa kwenye mteremko wa mlima, wakashinda barazani wakiitazama bahari ya Mediterania iliyo chini yao. Bila shaka hiyo ni raha. Hata hivyo, mgeni asiyebanduka barazani atarudi kwao bila kuona jambo lililo kubwa zaidi. Liko Patara, mwendo usiofika nusu saa kwa gari.

Hapo kale Patara ilikuwa bandari mashuhuri ya nchi ya Likia. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Mtume Paulo alibadilisha meli hapo alipokuwa safarini kwenda Yerusalemu. Inasemekana pia kuwa ndiko alikozaliwa Mtakatifu Nikolao, askofu aliyekuja kugeuzwa kuwa yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe.

Isitoshe, miji 23 ya Likia iliunda muungano uliokuwa na baraza lake. Miji mikubwa sita, Patara ikiwa mmojawapo, ilikuwa na kura tatu kila mmoja. Ya wastani mbili, na midogo moja. Mwaka wa 1787, Wamarekani walipokuwa wakibishana kuhusu katiba yao, muungano huo ulitajwa kuwa mfano mwema. Jumba la baraza limekarabatiwa, na mgeni aweza kuketi kwenye ngazi zile zile za mawe walikoketi wajumbe.

Je, mji wenye fahari kama huo uliangamizwa na nini? Wengi wangedhani ni vita, kama vilivyoiteketeza jirani yake, Xanthos. La! Patara ilimalizwa na mchanga. Mto uliomwaga maji yake karibu ulileta udongo mwaka baada ya mwaka, nao upepo ukarundika mchanga, hata bandari ikaziba. Meli zilipokoma kuja, wafanyabiashara nao walihama. Leo bandari hiyo ni kinamasi kilichojaa matete.

Lakini wahenga walisema kufa kufaana. Mchanga huo umefanya ufuo wa zaidi ya kilomita 10, na kwa kuwa magofu yanalindwa na sheria, hakuna hoteli zilizopangwa kandokando yake. Kila mwaka, kuanzia mwezi Mei, kasa hupanda ufuoni usiku, wakachimba mashimo na kutaga mayai yapatayo 100 kila shimo. Baada ya takribani miezi miwili, vitoto huanguliwa na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Tangu jadi upande huo ni bahari inayong'aa chini ya nyota. Mahali penye taa za majumba na mikahawa, vitoto hupotea njia, vikaelekea nchi kavu, na jua likichomoza huvikausha au ndege huviokota.

Ndiyo sababu wageni hutakiwa kuondoka ufuoni Patara jioni inapoingia. Wapo wanaonung'unika kwamba wamekatizwa starehe. Ukweli ni kwamba kama bandari isingezibwa, huenda leo pangekuwa na mji mwingine wa taa na muziki, na kasa wangekuwa hadithi tu.

Sisi wa pwani ya Kenya tunalijua jambo hili. Watamu tuna kasa wanaotaga ufuoni, na si mbali na hapo tuna magofu ya Gedi. Majumba ya likizo nayo yanazidi kujengwa, kila moja likitaka kuikaribia bahari zaidi ya jirani yake. Patara iliokolewa na mchanga pamoja na sheria. Sisi mchanga tunao; kazi iliyobaki ni kuzima taa.