Kelele za Koili

Mashine za kwanza za kutafutia dhahabu nilizozitengeneza Makongolosi, wilayani Chunya, zilikuwa za mawimbi yasiyokatika, koili moja ikirusha na nyingine ikipokea. Udongo wa huku ni mwekundu, una chuma kingi, na mashine zililia karibu kila hatua. Wachimbaji wakazoea. Wakasema ndivyo ardhi ya huku Lupa ilivyo, ardhi iliyotafutwa dhahabu tangu miaka ya 1920.

Kisha zikaja mashine za mapigo, na kazi yangu ikabadilika kabisa. Hizi hupitisha mkondo kwenye koili, huukata ghafla, halafu husikiliza. Mkondo ukikatwa, volti hupanda hadi mamia, nazo lazima zitulie ndani ya mikrosekunde chache, maana ishara ya punje ndogo ya dhahabu hufifia upesi mno. Inayozituliza ni resista iliyounganishwa sambamba na koili.

Watu wakaanza kusuka koili zao wenyewe, kubwa kuliko za kiwandani. Zikaja kwangu. "Fundi, hii hainyamazi mpaka uizime!" Koili ya mikrohenri 300, yenye pikofaradi 200 pamoja na kebo yake, inataka resista ya omu kama 600. Ukiipaka rangi ya grafiti kuikinga na kelele, pikofaradi zinaongezeka. Zikifika 400, resista ishuke hadi omu 430 hivi. Ikizidi hapo, mstari kwenye oskiloskopu unashuka huku ukitetemeka, na mashine inalia bila sababu. Ikipungua, mstari unashuka polepole na punje inapitwa kimyakimya. Kwangu hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu mashine tulivu humpa mchimbaji imani, naye anaacha mali yake chini. Kinga nayo isifunge duara lote la koili. Iachiwe pengo, la sivyo inakuwa pete ya waya inayokula nguvu.

Nguzo za umeme zilipofika vijijini, na karasha zikaanza kuzungushwa kwa mota, kelele ikahamia hewani. Hapo koili iliyosukwa kwa umbo la nane ikaonyesha thamani yake: upande mmoja unafuta kelele ya upande wa pili. Inapoteza kina kidogo, lakini karibu na nyaya sioni iliyo bora.

Ndugu mchimbaji, mashine ikilia, usikimbilie kuifungua. Inyanyue koili juu. Ikinyamaza, tatizo ni udongo. Ikiendelea, igeuze isimame wima. Sauti ikibadilika, kelele inatoka kwenye nyaya, simu au radi. Ikilia unapotikisa kebo tu, kagua plagi na kinga. Na ukiileta kwa fundi, ilete na kebo yake ileile, kwa sababu resista huchaguliwa kwa vyote viwili.