Sahani ya Baiskeli Juu ya Pikipiki

Mwezi huu nimeomba nafasi niandike habari ambayo wengine wataicheka. Nataka kusema juu ya kupunguza uzito. Najua mtauliza, hapa ambapo watu wanahesabu punje za mahindi, nani ana uzito wa kupunguza? Ni mimi mwenzenu. Na kwa vile najua siko peke yangu, afadhali niseme.

Wengi mnanijua kama mtu wa pikipiki pale Bweyale. Lakini kazi hii nilianzia Busia, upande wa Kenya, nikiendesha baiskeli. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba hata jina lenyewe lilitokea huko kwetu mpakani. Tangu miaka ya 1960 watu walibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili, na wenye baiskeli wakawa wanaita wateja, "Boda! Boda!" Basi jina likashika, likapanda pikipiki, likaenda Kampala na Nairobi na dunia nzima.

Baiskeli yangu ilikuwa Black Mamba, chuma kitupu, haina gia, na nyuma nimefunga kiti cha sponji. Nilikuwa nabeba mama na mtoto na gunia la sukari kwa safari moja. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi giza limeingia. Sasa sikieni nilivyokuwa nakula. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi matatu. Saa nne madondo na chapati mbili. Mchana ugali ambao watu wawili wangeshiba, na matumbo. Jioni ugali tena na omena. Na pamoja na hayo yote nilikuwa na kilo 61, mshipi wangu nimeutoboa tundu la ziada kwa msumari ili suruali isidondoke. Hakuna aliyewahi kuniambia nakula sana.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, mnajua wenyewe yaliyofuata. Mwanzoni mwa Januari 2008 nilivuka mpaka ule ule niliouvuka mara elfu, lakini safari hii abiria alikuwa binti yetu wa miaka mitatu, na mama yake anatufuata nyuma na furushi. Tulilala kwenye madarasa ya shule upande wa Uganda, kisha tukapelekwa Mulanda, huko wilaya ya Tororo, kwenye mahema. Baiskeli niliiuza wiki ya pili. Sitasema bei, mtaniona mjinga.

Mulanda kulikuwa na wahudumu wa afya waliopita wakipima watoto kwa ule utepe wa mkononi wenye rangi. Kijani ni mzima, manjano ni hatari, nyekundu ni hatari sana. Mkono wa binti yetu ulisimama kwenye manjano. Walimpa unga wa uji na wakasema arudi apimwe tena. Mimi nilibaki nimetazama ile rangi. Siku ile niliapa moyoni kwamba chakula kikiwekwa mbele yangu au mbele ya watoto wangu, hakibaki. Nikiangalia nyuma naona unene wangu ulianzia pale, ingawa wakati huo nilikuwa mwembamba kama ufito.

Baadaye tukahamishiwa hapa Kiryandongo. Tukapewa kiwanja, tukalima mahindi na muhogo, na mwaka wa 2014 mimi na wenzangu wa kikundi cha akiba tukapata pikipiki ya kwanza. Jamani, ile ilikuwa furaha! Hakuna kukanyaga, unawasha tu unaenda. Lakini kumbe tumbo halikuambiwa kwamba tumebadilisha chombo. Mimi niliendelea kula sahani ya baiskeli juu ya pikipiki. Chai ya sukari vijiko vinne, mara tano kwa siku, maana pale steji kazi kubwa ni kungoja. Rolex ya chapati mbili na mayai mawili. Soda mchana. Nikirudi nyumbani, posho na maharage kama kawaida, na sahani ya mtoto asiyemaliza namalizia mimi, kwa sababu niliapa.

Watu wakaanza kuniita bosi. Mwanzoni ilinipendeza. Kwetu mtu akinenepa wanasema ametulia, shida zimeisha. Lakini siku moja kwenye foleni ya mgawo nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Huyu ndiye anakula chakula chetu." Wakati huo mgawo ulikuwa umepunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na Februari 2021 ukabaki asilimia 60. Watu walikuwa na njaa na hasira, siwalaumu. Nilirudi nyumbani na aibu, sikumwambia mtu.

Mwaka wa 2022 kichwa kilinisumbua wiki nzima, nikaenda kituo cha afya. Presha 165 juu ya 100. Uzito kilo 94. Kisha nesi akachukua utepe akaniambia, "Mzee, inua shati." Akanizungushia kiunoni, sentimita 108. Akaniambia kwa mwanaume ikipita 94 ni onyo, ikipita 102 hatari imekuwa kubwa, ya moyo, ya kisukari na ya kiharusi. Ndugu zangu, nilikumbuka ule utepe wa Mulanda. Binti yangu aliingia manjano kwa kukosa, na mimi baba yake nimeingia nyekundu kwa kuzidisha.

Nikapewa vidonge, na nikaambiwa nipunguze uzito. Hapo ndipo nilipofanya makosa mawili, na hayo ndiyo nataka myajue.

Kosa la kwanza, niliona dawa ni mazoezi peke yake. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu nikawa natembea haraka saa nzima, natoka jasho, mbwa wananibwekea. Nikirudi nasema, leo nimefanya kazi, nastahili. Basi rolex na chai. Miezi miwili nikapanda mzani, kilo 94 zile zile! Nikasema mzani umeharibika.

Kosa la pili lilitokana na hasira. Nikaamua kutokula kabisa mpaka jioni, na huku naenda shambani. Siku ya nne nikiwa na jembe nikaona giza, nikakaa chini kwenye matuta. Jioni nikala kama mtu aliyefungiwa mwaka mzima. Mama watoto alinitazama akaweka mwiko chini. Akasema, "Baba watoto, tulikimbia njaa Mulanda, sasa wewe unairudisha nyumbani kwa hiari yako?" Sikuwa na jibu. Kisha akasema neno ambalo lilinifungua macho. "Na isitoshe, huo unene wako si wa mgawo. Ni wa steji."

Nikarudi kwa nesi, akanifundisha hesabu. Mimi mtu wa boda hesabu ya mapato na matumizi naijua, ndiyo maana nilielewa haraka. Chakula ni mapato. Mwili unatumia kwa kupumua, kwa kupiga moyo, kwa kutembea na kulima. Kinachobaki mwili hautupi, unaweka akiba, na akiba yenyewe ndiyo haya mafuta ya tumboni. Kipimo chake kinaitwa kalori. Mgawo kamili hupangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, hiyo ndiyo wastani wa mahitaji ya mtu.

Sasa angalieni. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori kama 16. Mimi vijiko vinne mara vikombe vitano, hiyo ni 320. Kutembea haraka saa nzima kwa mtu mzito kama mimi ni kalori kama 300. Yaani ile saa yote ya jasho na mbwa ilikuwa inalipia sukari ya chai tu! Rolex ilikuwa haijaguswa bado, na hiyo haipungui 500. Soda ndogo ni zaidi ya 120. Na mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja ni 120, kwa sababu gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga ina 4. Kijana wa baiskeli Busia alikuwa anateketeza yote hayo kwa miguu kabla jua halijatua. Mzee wa pikipiki ameketi, anateketeza nini?

Kwa upande mwingine, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ndiyo maana haiondoki kwa siku moja wala kwa kufunga kula. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kidogo kwa sahani na kidogo kwa miguu, unaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki. Baadaye kasi inapungua, maana mwili mwepesi unatumia kidogo, lakini hiyo si sababu ya kukata tamaa.

Basi nikapanga hivi. Chai nikaacha mbili kwa siku, kijiko kimoja. Soda nikaacha kabisa, nakunywa maji. Rolex mara moja kwa wiki, Jumamosi, na naila bila kujilaumu. Nyumbani posho nikaipunguza robo, nikaongeza dodo na sukuma kutoka kwa bustani yetu ya jikoni, na maharage sikuyagusa kwa sababu yanashibisha muda mrefu. Sahani za watoto nikaacha kumalizia. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kusema ukweli. Mara ya kwanza kuona posho imebaki nikaifunika ikaliwa asubuhi, nililala vibaya, kama nimevunja kiapo.

Upande wa miguu, wataalamu wanasema dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki ndiyo kiwango cha chini kwa mtu mzima. Mimi natembea dakika 40 siku tano, na siku mbili nalima. Wala sihitaji uwanja wala viatu vya pesa. Kuchota maji, kupasua kuni, kupeleka mtoto shule kwa miguu, hayo yote ni mazoezi. Mama zetu wanayafanya kila siku na hakuna anayewapa sifa.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa na kilo 83. Presha imeshuka, vidonge bado nameza kama nilivyoelekezwa, sikuacha kwa kiburi. Pesa ya rolex na soda inanunua madaftari. Na mwaka huo huo wa 2023, mgawo ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba, nyumba yetu haikuyumba sana, kwa sababu tulikuwa tumeshajifunza kuangalia kila kijiko kinaenda wapi.

Lakini naomba mnielewe vizuri. Sisemi watu wapunguze kula. Mtoto asipunguziwe. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijaribu. Mgonjwa wa kifua kikuu, anayemeza dawa za kisukari, mzee anayekonda bila sababu, hao waende kituo cha afya kwanza. Na mtu ambaye mgawo ndio chakula chake chote, habari hii si yake, huyo anahitaji kuongezewa. Mimi nasema na wale wanaokaa steji, wanaokaa dukani, wanaokaa kwenye cherehani, ambao miguu imepumzika na sahani haijapumzika. Na tuache kuchekana. Mnene si mwizi, na mwembamba si mgonjwa.

Mwaka jana mzee mmoja wa Mulanda, aliyetugawia viazi vitamu vyake mwaka 2008 bila kutujua, alifariki. Nikaenda kuzika pamoja na binti yangu, yule wa utepe wa manjano, sasa ni msichana mkubwa ananipita urefu. Siku ya kurudi akaniambia, "Baba, twende tupande jiwe la Tororo." Lile jiwe tulilitazama kila siku tukiwa wakimbizi wapya, hatukuwahi kulikaribia. Tukapanda, ngazi baada ya ngazi. Nilipumzika mara tatu, yeye akinisubiri bila kunicheka. Juu kuna upepo, na upande wa mashariki ni Kenya. Nikamwonyesha kwa kidole upande ilipo Busia.

Akaniuliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo. Akafungua mkoba akatoa viazi vitamu viwili vya kuchemsha tulivyopewa matangani, akanipa kimoja. Nilikula chote, na hesabu yake sikuipiga.

Basi ndugu zangu, anayetaka kutembea na mimi, ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tunakutana pale kisimani. Hakuna kiingilio. Mkija na maswali ya presha na sukari tutayapeleka pamoja kwa nesi.

Ni mimi mwenzenu, Baba watoto wa steji ya Bweyale.