Tulipomtafuta Mhasibu Kariakoo

Tulikuwa wanawake watano wa jumuiya moja, wote wenye waume na watoto, tulipofungua duka la vitenge na kanga karibu na Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho: huyu fedha za upatu, yule mkopo ambao mumewe aliuchukua kazini. Tuliomba pamoja, tukamchagua mmoja wetu awe mweka hazina kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na hakukosa ibada. Hesabu zenyewe hakuna aliyezijua.

Mambo ya kodi tulimwachia kijana mmoja. Kariakoo vijana wa namna hiyo hawakosekani: shati safi, bahasha ya kaki mkononi, na maneno kwamba anajuana na kila mtu ofisini. Watu huwaita vishoka. Wetu alijiita mhasibu, nasi tukamwita mhasibu. Kila baada ya miezi mitatu mweka hazina alimkabidhi fedha taslimu, naye alirudisha karatasi yenye muhuri. Tuliibandika ukutani, tukamshukuru Mungu.

Barua ya deni ilitufikia mwaka 2023, muda mfupi kabla ya ule mwezi wa Mei ambao wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Wenzetu walikuwa na yao ya kusema hadharani. Sisi siku zile tulikaa sebuleni tukitazamana. Barua ilisema kwa miaka miwili hatukuwa tumelipa karibu chochote, na riba ilikuwa imeongezeka juu yake. Simu ya kijana haikupatikana tena. Basi macho yakamgeukia mweka hazina.

Tuseme ukweli, ingawa ni aibu. Mmoja wetu alisema kwa sauti kile ambacho wote tulikiwaza, kwamba mwenzetu amenunua jokofu jipya. Aliinuka akalia, akaondoka. Jumapili mbili hatukumwona kanisani. Mumewe alikuja akatuuliza kwa upole tumemfanya nini mkewe, nasi hatukuwa na jibu.

Mama mmoja mzee wa usharika ndiye aliyetuamsha. "Wanangu," alisema, "mwizi mnamtafuta kwa kukisia? Tafuteni mhasibu awahesabie." Tukamjibu kwamba mhasibu tulikuwa naye. "Alisajiliwa na nani?" akauliza. Hatukuwahi kujua kwamba mhasibu husajiliwa.

Kumbe sheria ipo tangu zamani. Ni Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi huiita NBAA. Bodi ndiyo inayotunga mitihani na kuandikisha wahasibu, na zile herufi CPA mtu huzipata kwa njia hiyo. Shahada ya chuo kikuu peke yake haitoshi. Tena si kila mwenye CPA anaruhusiwa kufungua ofisi ya kuhudumia watu, kwani hiyo ina kibali chake. Wakazi wa zamani wanaijua Mhasibu House, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Siku hizi makao makuu yako Dodoma, lakini si lazima usafiri: mwombe mhasibu jina lake kamili na namba yake ya usajili, kisha uiulize bodi. Mtu wa kweli hachukii kuulizwa.

Wa kwanza tuliyemwendea alichukia. Wa pili alikuwa amesajiliwa kweli, ila bei yake ilikuwa ya makampuni makubwa. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, ofisi yake ghorofani upande wa Upanga, mwendo wa miguu tu kutoka Mnazi Mmoja. Alituandikia makubaliano ya kazi na malipo kabla ya kugusa chochote. Akaomba boksi la risiti, taarifa za benki na ripoti za mashine ya EFD. Halafu akasema neno ambalo lilitufungua macho: "Fedha ya kodi mimi siishiki. Mtapewa namba ya malipo, mtalipa wenyewe benki au kwa simu." Tukakumbuka jinsi Paulo alivyotuma ndugu wengine waandamane na changizo la makanisa, mtu asije akalaumiwa. Somo hilo tumelisikia mara ngapi, na fedha zetu tukazitia katika bahasha ya kaki!

Kazi ilichukua wiki tatu. Alipotuita alianza na mweka hazina: daftari lake lilikuwa sawa, na zile karatasi za ukutani zilikuwa za kughushi. Tukashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza. Kulikuwa na majora ya vitenge yaliyoingia dukani na hayakuuzwa wala hayakuwepo. Akatuuliza, nasi tukaanza kukumbuka mmoja mmoja: sare za kwaya, doti mbili za mama mkwe, kitenge cha sendofu ya binti. "Nitalipa mwisho wa mwezi." Yakijumlishwa, yalizidi nusu ya deni la kodi. Katika sisi watano aliyekuwa ameandika alichochukua ni mmoja tu, mweka hazina.

Jioni ile tulikwenda kwake Magomeni. Mumewe alitufungulia mlango. Alitupikia chai, lakini hakusema kwamba yamekwisha. Alimtaka yule aliyesema habari za jokofu ayarudie maneno yale mbele ya mumewe, kisha ayafute. Ilikuwa vigumu. Aliyarudia, akayafuta, nasi wengine tukakiri kwamba tuliwaza vivyo hivyo.

Deni tuliomba kulilipa kwa awamu, tukakubaliwa. Kuwaambia waume zetu kulikuwa kazi nyingine. Mmoja alinuna miezi kadhaa, na hatumlaumu, mkopo ulikuwa kwa jina lake. Kumbukumbu zote sasa tunazitunza miaka mitano, kama sheria inavyotaka, na yule mama wa Upanga hututembelea kila robo mwaka. Mwenzetu alikataa kurudi kwenye uweka hazina. Dukani yupo, anauza vizuri kuliko sisi. Kwenye rafu ya majora tumening'iniza daftari kwa kamba, na kila Jumatatu ndiye anayelifungua na kusoma kwa sauti.