Bluzi Ukingoni mwa Tana

Mwaka 1997 nilipelekwa Garissa kufundisha sekondari. Katika mizigo niliyofunga Mombasa mlikuwa na gitaa la mbao, kitabu cha kujifunzia solo za bluzi na kaseti yake, vitu nilivyovipata Nairobi kwenye meza ya vitabu vikuukuu. Kitabu hakikutumia noti za kawaida. Kilichora mistari sita, kila mmoja uzi wake, na tarakimu za kukuonyesha ubonyeze freti ya ngapi. Mstari wa juu ndio uzi mwembamba, nao ukilipakata gitaa uko chini, kwa hiyo unasoma kinyume cha unachokiona mapajani.

Wapo wanaodharau muziki wa kitabuni. Mimi simo. B.B. King mwenyewe, mzaliwa wa Mississippi, alijifunza pia kwa kitabu cha gitaa alichokiagiza kwa posta kupitia katalogi ya Sears.

Nilipanga chumba Bulla Iftin. Mchana bati liliwaka, nyuzi zikalegea kabla sijamaliza kuzikaza, na jasho la vidole likazitia kutu. Basi nikangoja usiku, baada ya sala ya Isha na baada ya idhaa ya Kisomali ya BBC, kwa kuwa kupiga kelele wakati mtaa mzima umeinamia redio ni utovu wa adabu. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nao ulikuwa na hiari yake. Redio kaseti yangu ikala betri.

Hizo betri ndizo zilizonifundisha. Zikiwa mpya, mpigaji wa kwenye kaseti alikimbia, noti zake zikanipita. Zikianza kuchoka, kanda ilijikokota na kila noti ikajitokeza peke yake: hapa ameuvuta uzi, hapa ameuachia, hapa hakupiga kitu. Sauti nayo ilishuka, ikanibidi nilegeze nyuzi zote sita ili niandamane naye. Asubuhi nilizianika betri juani zipate uhai kidogo, ila si mwingi mno.

Somo lenyewe ni dogo. Bluzi huzunguka katika baa za muziki kumi na mbili: nne za A, mbili za D, mbili za A, kisha E, D, na mbili za kurudi nyumbani. Juu yake mpiga solo ana noti tano tu, A, C, D, E na G, zote karibu na freti ya tano. Ukitaka kilio zaidi, unachomeka noti ya sita katikati ya D na E, unaigusa na kuikimbia.

Jirani yangu wa ukuta wa pili alikuwa mzee wa Barawa aliyekimbia vita vya Somalia vya 1991. Zamani alipiga udi Mogadishu, udi ambao Wasomali huuita kaban. Chimini chake, Kiswahili cha Barawa, na Kimvita changu vilielewana bila mkalimani, nami nikamwita ami. Usiku mmoja alibisha.

“Mwanangu, wimbo huo umefunzwa na nani?”

“Kitabu, ami. Cha Wamarekani.”

“Wamarekani wamezipata wapi noti zetu?”

Hakuwa akitania. Nyimbo za Kisomali nazo hujengwa kwa noti tano. Mimi nilikulia taarabu, yenye makamu za Kiarabu na zile sauti za katikati, nikidhani kila udi husema hivyo. Ami akalichukua gitaa, akatafuta kidogo, akapiga noti zile zile za ukurasa wangu, ila aliziweka mbalimbali. Kwake yeye, mpigaji alikuwa Hudeydi, aliyejifunza udi Aden, na kipimo alikuwa mwimbaji: udi hujibu, hausemi naye kwa pamoja. Kilichomkera ni kodi zangu za gitaa, zile A, D na E. “Mbona unahama kabla hujamaliza neno?” Nikamweleza mambo ya D na E. Akaniambia nizipige mimi, akakaa kwenye noti zake tano bila kuhama, na zikakubali kila nilipokwenda. Kitabu kilikuwa kimelisema hilo kwa aya nzima. Sikuwa nimelisikia.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Tana ikafurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Nyama ikaogopwa katika mji unaoishi kwa nyama. Ramadhani ikaanza mwishoni mwa Desemba, gitaa likapumzika ukutani. Nilipolishusha baada ya Idi, uzi mwembamba ulikatika, na wa badala haukuwepo mjini. Karibu nusu ya mazoezi ya kitabu yaliutegemea. Nikayahamishia kwenye nyuzi tano, freti za mbali, huku ami akiona nimepata nafuu.

Barabara ilipopitika, uzi ulifika kwa basi, kwenye bahasha niliyotumiwa na ndugu yangu. Nikaufunga, nikampa ami aonje. Akaubonyeza freti ya nane, akauvuta juu kama kitabu kilivyoagiza, ukapiga ukelele. Akanirudishia gitaa.

“Huu ni wa kuitia mbuzi, mwanangu. Hebu rudi kwenye ule mnene.”